Jeshi la Vumbi Lilivyopokelewa Kasikeu

Mmeniomba niwaachie maandishi, ninyi mnaorithi kipindi cha Jumamosi. Nilidhani mtanikatia keki, tupige picha mbele ya jenereta, kisha kila mtu aende zake. Sawa, nitaandika. Vyeo sitavitaja, maana redio yetu ina vyeo viwili tu: aliye hewani na anayengoja kuingia hewani. Nitaandika kazi yenyewe ilivyokuwa, na nikifika kwenye ile gemu ya jeshi la vumbi mtajua kwa nini kila mliponitania juu yake niligeuza maneno.

Nilianzia kwenye matangazo ya vifo. Kila mgeni pale Kitui alianzia hapo, kwa sababu wenyeji walikuwa wamechoka kuyasoma. Aliyenipokea ni Mzee Kilonzo, fundi mitambo, mtu mfupi mwenye sweta moja la kahawia ambalo sijui alikuwa akilifua lini. "Usilie na usikimbie," aliniambia. "Jina la marehemu ukilikosea, hapo umezika mtu mwingine." Kabla ya kila tangazo alinilazimisha nipige simu kwa wafiwa niulize jina linatamkwaje. Mimi nilikuwa naona tunasumbua watu wenye msiba. Baadaye nikagundua kwamba wengi walifurahi kuulizwa, na wengine hawakutaka kukata simu, alimradi wapate kumtaja mtu wao tena. Hata nilipopewa kipindi changu sikuyaacha matangazo hayo. Zamu ya asubuhi ilibaki yangu mpaka nilipostaafu.

Kipindi cha filamu, na baadaye gemu, kilinijia kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Meneja alisema vijana wanatukimbia, watafutiwe kitu. Mimi nilikuwa mama wa watoto wazima na pedi ya gemu sikujua inashikwa upande gani. Wasikilizaji wakaniita Susu wa Gemu, yaani nyanya yao, na jina likaning'ang'ania hadi kanisani, ambako kuna watu wanaodhani mpaka leo kwamba nilikuwa nacheza kamari.

Mzee Kilonzo alinipa somo la pili wakati huo, na hilo ndilo nililolitegemea kuliko chombo chochote. Alisema, "Kwanza sema umeona nini. Ukimaliza, ndiyo useme umependa nini." Mkisikia wahakiki wengi wa siku hizi mtaona wanaanzia mwisho. Anapenda au anachukia kwanza, halafu anatafuta sababu njiani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkosoaji wa ng'ambo hucheza gemu peke yake, kwenye kiti kizuri, tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wetu wanacheza kwa zamu, kiwiko cha mwenzake kikiwa kwenye mbavu, na nyuma yake kuna kundi zima la makocha. Gemu ile ile si kitu kile kile. Kwa hiyo nilisoma kwanza wakosoaji walivyosema, kisha nikaipeleka gemu kwenye vibanda vitatu vya kuchezea: kimoja hapa Kitui mjini, kimoja Kibwezi karibu na barabara ya Mombasa, na kimoja Kasikeu. Mara nyingi hawakukubaliana. Gemu yenye mazungumzo marefu ilisifiwa huko nje, na Kibwezi watu wakawa wanapiga kelele, "Ruka! Ruka!" Nawaachia ushauri: kaeni karibu na mlango, si mbele. Anayeingia na anayetoka wote watawaambia kitu. Na msishike pedi mbele ya watu, mtadharauliwa bure.

Basi, ile gemu. Kabla yake kulikuwa na filamu. Wageni walikuja na malori, wakapiga picha kwenye vilima na kwenye mto wa mchanga upande wa Kasikeu. Ilikuwa hadithi ya malkia aliyeuawa, akaamka na kufufua jeshi zima kutoka mavumbini. Walihitaji jeshi, na watu walikuwepo. Walichukua wakulima, mama wa sokoni, wachota mchanga, wakawapaka majivu na kuwaambia watembee kama waliotoka kaburini. Kasikeu nzima ilizungumza juu ya chakula walichopewa. Kisha waliitwa mmoja mmoja kwenye hema lenye kamera pande zote, wakakalishwa kwenye kigoda: geuka huku, fungua mdomo, kasirika. Walicheka sana hemani humo. Waliambiwa picha hizo ni za gemu, wakatia sahihi, na wengi wao hawakuwa na habari gemu ni nini.

Mmoja wa waliokaa kwenye kigoda kile ni Musyoka, mchota mchanga. Filamu ilipotoka alikuwa bado hai, na alienda kuiona pamoja na wenzake. Walionekana kwa muda wa kupiga chafya. Gemu ilipotoka alikuwa ameshafariki. Ukingo wa mto ulimwangukia akiwa shimoni anapakia lori. Tangazo lake nililisoma mwenyewe: mume wa Syombua, na mdogo wa Mutiso aliye mzee wa kanisa. Nilipopiga simu kuuliza jina, aliyepokea ni Mutiso, na alilitamka polepole mara mbili, kama mtu anayempa mgeni maelekezo ya njia.

Gemu ilipokelewa vibaya. Wakosoaji hawakuionea huruma. Walisema hadithi imekatwa vipande, malkia anaongea kama anasoma tangazo, na shoka la shujaa ni zito hadi kidole kinauma. Lakini lawama mbili zilirudiwa na kila mmoja. Ya kwanza ni kwamba maadui wanafanana: nyuso chache zinarudi na kurudi, umemuua huyu hapa, unamkuta tena kwenye kona. Ya pili ni kamera. Adui akikushika, kamera inarukia uso wake na kukwama hapo, uso unajaa skrini nzima, huoni mkono wala shoka, mpaka unakufa. Mmoja aliandika kwamba ni kama kupigana na mtu aliyekukumbatia. Wachezaji wa huko wakafuata, wakaipa nyota moja moja, wakatengeneza vichekesho.

Nikaifuata Kasikeu nikijua watanitupia mawe. Kibanda kilikuwa cha Hassan, nyuma ya duka la vyuma la baba yake. Ni jamaa waliotoka upande wa Garissa zamani, na Hassan anaongea Kikamba safi kuliko watoto wangu. Alikuwa ameenda Kibwezi kwenye intaneti ya maana, akaishusha gemu kwenye mashine yake na kurudi nayo, maana Kasikeu mtandao ni wa kubahatisha. Mchezaji wake hodari alikuwa Kyalo, mwendesha boda aliyeoa hapo hapo sokoni.

Kyalo alishika pedi, jeshi likaanza kuinuka kutoka mchangani, na kibanda kizima kikaruka.

"Aiya! Si huyo ni Mbithe muuza nyanya?"

"Huyo naye! Fundi wa baiskeli! Mgonge! Alinifungia breki vibaya!"

Yale yaliyowachosha wakosoaji ndiyo yaliyowafurahisha watu wa Kasikeu. Uso ukirudi mara ya tano walishangilia zaidi kuliko mara ya kwanza. Na hiyo kamera kukwama kwenye uso, hiyo walitaka ikae hata zaidi, wapate kuona vizuri kama ni yeye. Fundi wa baiskeli alikuja mwenyewe, akajiua mara kadhaa kwenye skrini, akatoka ameridhika.

Kisha ikatokea jambo ambalo halimo katika hakiki yoyote ya ng'ambo. Kyalo alikuwa anakata maadui bila shida, mara akaachilia shoka, akamgeuza shujaa wake na kukimbilia vichakani. Akachomwa mgongoni.

"Kyalo, umekuwa aje?" nikamuuliza kutoka mlangoni.

"Wee Susu! Huyo ni mathe wa bibi yangu!"

"Lakini ni gemu."

"Najua ni gemu. Sasa nimgonge na shoka, halafu Krismasi niende kwao na sura gani?"

Hakuna aliyemcheka kwa hilo. Kwetu kuna nthoni, ile heshima kati ya mtu na wakwe zake. Mkwe wako wa kike humkaribii ovyo, unampisha njiani, humwinulii hata sauti. Kwa hiyo shujaa wa Kyalo, aliyeshinda majitu, alikuwa anakufa kila alipofika darajani, kwa sababu mama mkwe alikuwa akilinda daraja. Wengine wakamwomba wamshikie pedi kwa hapo tu, naye akawa anawaachia wamvushe. Nilipolitangaza Jumamosi, simu hazikukatika. Mama mkwe mwenyewe alipiga. "Mwambie Kyalo nimesikia," akasema, "na amefanya vizuri."

Laiti ningeweza kuishia hapo. Miaka mingi nimewasimulia wageni sehemu hiyo peke yake.

Safari iliyofuata, nikiwa nimekaa palepale mlangoni, jeshi liliinuka tena. Kyalo aliweka pedi magotini. Kwenye skrini alikuwa anakuja mtu wa taya pana na ndevu zilizoanza mvi, amepakwa majivu, na hakuna aliyemwita jina. Alimfikia shujaa, akamshika, kamera ikarukia uso wake. Halafu giza.

"Huyo ni marehemu Musyoka," Hassan aliniambia kwa sauti ya chini. "Tulikuwa hatujamfikia. Yuko kwenye lango la ngome."

Kasikeu ni ndogo. Kabla sijafika stesheni siku iliyofuata Mutiso alikuwa ameshanipigia. Alikuja Kitui mwenyewe, amevaa koti la kanisa, akakataa chai.

"Ndugu yangu nimemzika," alisema. "Sasa naambiwa kila siku anauawa kwa Hassan, na watu wanapiga makofi. Wewe Susu ndiye ulifanya watu wajae huko. Iseme kwa redio hiyo gemu itolewe."

Nilimwambia ukweli, kwamba hakuna aliyepiga makofi kwa Musyoka na kwamba hakuna aliyemgusa. Hakunisikia, na sikumlaumu. Niliiandikia kampuni iliyotengeneza gemu, nikaeleza mtu huyu ni nani na alikufaje. Jibu lilirudi haraka mno. Walinishukuru kwa maoni yangu kama mchezaji, wakasema wanatusikia, na maboresho yanakuja.

Syombua hakupiga simu. Anauza ndengu pale sokoni, kwa hiyo alikuja kwa miguu, beseni kichwani, akasimama nje ya mlango nilipokaa. Sikuwa nimewahi kumwona. Alinijua kwa sauti.

"Susu, ni kweli yuko humo ndani?"

"Yuko."

"Anafanana?"

Nikakumbuka Mzee Kilonzo. Nikamwambia nilichoona: wamempaka majivu, macho wameyafanya meupe kidogo, taya ni pana, ndevu zina mvi upande wa kushoto.

"Kushoto," alisema. Akatua beseni.

Ni lazima nieleze jambo moja hapa ili mwelewe. Katika mazishi yetu kuna muda wa kutazama mwili. Jeneza linafunguliwa sehemu ya uso, watu wanapanga mstari, kila mtu anapita, anaangalia, anaondoka. Mke anapita wa kwanza au wa mwisho, kutegemea familia. Musyoka alitolewa mchangani na trekta, na Mutiso aliyeenda kumtambua alirudi akaamuru jeneza lisifunguliwe. Alifanya hivyo kwa kumhurumia shemeji yake. Syombua alipita mbele ya ubao uliopigiliwa misumari. Tangu siku hiyo, aliniambia, alikuwa anapika ugali na fungu la mumewe ndani yake, na kumsikia langoni kwao. Kichwa chake kilijua mume amekufa, lakini macho yake hayakuwa yameambiwa.

Aliingia, wakampisha benchi la mbele. Kyalo alicheza hadi lango la ngome, akaweka pedi chini. Musyoka akainuka mchangani na kuja.

"Huo mwendo si wake," Syombua alisema. "Yeye hakuwa na haraka."

Kisha kamera ikaruka, uso ukajaa skrini. Syombua alisogea mbele hadi pua ikakaribia kioo. Giza lilipoingia hakulia. Alimuuliza Kyalo, "Anaweza kurudi?" Kyalo akasema ndiyo, mama, anarudi kila wakati. Walimrudisha mpaka jua likateremka, na hakuna aliyedai zamu yake.

Kyalo alitaka kumrekodi kwa simu ili ampe aende naye nyumbani. Alikataa. "Maiti haitazamwi kwa simu," alisema. "Na hapo kwa simu anamwendea mtu mwingine." Nilidhani ameridhika na ile siku moja. Lakini alirudi siku nyingine ya soko, na nyingine. Kila mara alikaa, akaangalia, akaenda kuuza ndengu zake. Hassan aliniambia kwamba kila anapotoka anasema neno lile lile: bado.

Wakati huo kampuni ilitangaza maboresho. Waliomba radhi kwa wachezaji wote duniani. Nyuso zinazorudiwa zitaondolewa, kila adui atapewa kofia yake ya chuma ya kufunika uso, na kamera itakaa mbali. Wakosoaji walifurahi. Nyota zikaanza kupanda kabla maboresho yenyewe hayajatoka. Nilisoma habari hizo kwenye simu yangu nikiwa kwenye kiti changu cha studio. Sikuhitaji kuuliza ni nani atakayepotea.

Nilimpigia Hassan. Alikuwa ameshajua.

"Mashine haijaguswa na intaneti, Susu. Sitaiunganisha."

"Utaweza?"

"Nitajaribu."

Alijaribu. Apdeti ya maboresho ilitoka, Kibwezi wakaipata, vibanda vya Tawa vikaipata, na watu wa Kasikeu wakaanza kupanda boda kwenda kucheza kwa majirani, kwa sababu vibanda viliandaa mashindano na mwenye gemu ya zamani hakuweza kuingia. Benchi za Hassan zikabaki na wazee wa kupiga porojo. Kuna siku nilimkuta anapangusa vumbi kwenye pedi ambazo hazikuwa zimeshikwa. Baba yake alikuwa amemwambia akishindwa afunge, aje auze misumari.

Nilitaka kumwomba avumilie, na sikumwomba. Yule anayekula kwa kibanda ni yeye, si mimi. Tulikubaliana tu kwamba Syombua aambiwe kwanza. Nilikwenda naye sokoni. Syombua alisikiliza huku akipima ndengu za mteja, akamfungia, akamrudishia mfuko.

"Ni lini?"

"Ile siku wewe utasema," Hassan akajibu.

Akafikiri. "Alhamisi. Si siku ya soko." Kisha akaongeza, "Na Mutiso aambiwe."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua Mutiso angekuja na Biblia, avunje mashine. Alikuja na Biblia kweli, na kina mama wa kanisa, na Syombua katikati yao amevaa nguo nyeusi aliyovaa kwenye mazishi. Kyalo na vijana wote waliokuwa wanacheza Tawa walikuwa wamerudi. Walivua kofia bila kuambiwa. Mwendesha boda mmoja alivua hata koti la kuakisi mwanga, sijui kwa nini, labda aliona linang'aa sana.

Mutiso alisimama mlangoni, karibu nami. Hakuwa amewahi kuona ile gemu. "Ni hapo?" aliniuliza, akionyesha skrini. Nikamwambia ni hapo.

Kyalo alicheza hadi lango la ngome. Alipofika, akageuka na kumnyooshea Syombua pedi kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu.

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu, mama. Ishike tu. Akija, anakuja kwako."

Aliishika. Mchanga ukapasuka, Musyoka akainuka, akatazama huku na huku, akaanza kuja. Nilisikia Mutiso akivuta pumzi. Yeye aliyemwona ndugu yake mara ya mwisho alipoenda kumtambua alikuwa anamwona sasa na taya yake na ndevu zake. Alisema, "Ni yeye. Jamani, ni yeye mzima," na akalia kwa sauti, mtu mzima wa kanisa, kitu ambacho kwetu mwanamume hafanyi mbele ya wanawake. Alipita watu wote akaenda kupiga magoti kando ya benchi la shemeji yake.

Uso ulijaa skrini. Syombua alimtazama bila kupepesa. Aliongea naye kwa Kikamba, maneno machache ambayo niliyasikia na sitayaandika. Pedi ilikuwa inatetemeka mikononi mwake, kama gemu hiyo inavyofanya unaposhikwa. Kisha giza.

Walipita mmoja mmoja. Kyalo alimrudisha kila mara, na kila aliyetaka alikaa kwenye benchi akashika pedi, akashikwa, akaangalia, akaondoka. Ulikuwa mstari kabisa wa mazishi. Mutiso alipita. Kina mama walipita. Hassan, ambaye dini yake haina mambo hayo, alipita pia. Mimi nilipita karibu na mwisho. Nimesoma majina ya wafu sijui mangapi, na huyo ndiye wa pekee ambaye nilimwona uso.

Syombua alipita tena wa mwisho. Alipomaliza, alifuta mikono kwenye nguo.

"Sasa," alisema. "Fungeni."

Hassan aliwasha mtandao wa simu yake, akaunganisha mashine. Ujumbe ukatokea ukiuliza kama tunakubali maboresho. Kyalo alinyoosha mkono achukue pedi, Syombua akaivuta kwake.

"Mimi ndiye mke wake," alisema. "Ni kitufe gani?"

Hassan akamwonyesha. Akakibonyeza.

Mtandao wa Kasikeu mnaujua. Ule mstari wa bluu ulijaa polepole, ukisimama na kuanza tena, na katika muda huo wote Mutiso alisoma ibada ya kaburini na kina mama wakaimba wimbo mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekaa. Mstari ulipofika mwisho skrini ilizima, ikawaka, na malkia akatokea na sauti mpya. Kyalo akacheza hadi lango la ngome kwa sababu Syombua alitaka kuona. Mchanga ukapasuka. Aliyetoka alikuwa amefunikwa uso kwa chuma, na kamera ilikaa mbali, imetulia vizuri.

"Huyo simjui," Syombua akasema. "Mgonge."

Kyalo akamgonga. Syombua alijifunga leso kiunoni, akaniaga kwa mkono. Sokoni alirudi Jumatatu kama kawaida, na Hassan ananiambia kwamba hakuingia tena kibandani.

Jumamosi nilikuwa na hakiki ya kufanya. Wakosoaji wa ng'ambo walikuwa wameshabadilisha alama zao, wachezaji wamefuta vichekesho, Kibwezi wanaisifu, Tawa wanaisifu, na Kyalo alikuwa amevuka daraja mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana mama mkwe naye alikuwa amevalishwa chuma. Nilifungua kipaza sauti nikasema nilichoona: nyuso hazirudiwi, shoka ni jepesi, kamera haikwami tena. Gemu ilikuwa imekuwa bora kuliko zamani, na nilisema hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Ulipofika wakati wa kusema nilichopenda, nilimwonyesha fundi kwa mkono aweke wimbo.